Vipande vya Linux kutoka kwa watu usiowajua: utajuaje ni halisi?

Swali: Ndugu mtaalamu, mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika shule ya sekondari mkoani Tabora. Maabara yetu ina kompyuta 18 za zamani zenye Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 2025, na mashine zenyewe hazikubali Windows 11. Nataka kuziwekea Linux Mint, mfumo endeshi huria. Nimejaribu kupakua kwa kivinjari mara tatu kupitia modemu ya simu. Inafika asilimia 80 hivi, inakatika, bando linaishia hewani. Rafiki yangu ananiambia nitumie torenti. Mwenzangu ofisini anasema torenti ni mambo ya wizi wa filamu, inaleta virusi na inawafungulia watu mlango wa kompyuta yako. Kweli nichukue mfumo mzima wa kompyuta za wanafunzi kwa watu nisiowajua? Nitajuaje kama hawakuchomeka kitu? Na nikimaliza, nalazimika kuacha mashine wazi ili wengine nao wachukue kwangu?

Jibu: Mwalimu, tumia torenti. Kwa mtandao unaokatika kama wako, ndiyo njia ninayoiamini kuliko nyingine zote. Lakini usiitumie kwa sababu rafiki kasema, wala usiiache kwa sababu mwenzako kaogopa. Hilo swali lako la kwamba utajuaje kama hawakuchomeka kitu ndilo lenye uzito, na wako wengi wanaotumia torenti kila siku ambao hawajawahi kujiuliza.

Tuanze na namna inavyofanya kazi. Darasa lina kitabu kimoja cha kiada na wanafunzi 40 wanaotaka nakala. Wakipanga foleni kwa mwenye kitabu, wa mwisho atasubiri mpaka jioni. Hivyo ndivyo seva moja inavyohudumia watu. Sasa kitabu kikifunguliwa, huyu akanakili ukurasa wa 5, yule wa 31, mwingine wa 12, kisha wakaanza kupeana wao kwa wao, mwenye kitabu atakuwa ametoa kila ukurasa mara moja au mbili tu, na darasa zima litapata. Bram Cohen, Mmarekani aliyeandika BitTorrent mwaka 2001, aliufanya utaratibu huo uwe kanuni ya kompyuta. Faili hukatwa vipande, na mwenye kipande humpa asiye nacho. Programu hutanguliza vipande vilivyo adimu, ili kile kilichobaki kwa mtu mmoja kisipotee akizima mashine yake. Tena ina kumbukumbu ya fadhila: kila baada ya sekunde 10 huangalia ni nani anayeipa kwa kasi, nayo humrudishia, na kila baada ya sekunde 30 humkaribisha mwingine kwa kubahatisha, hata kama hajatoa kitu, maana anayeanza hana cha kutoa.

Linux ilikuwa miongoni mwa mizigo mikubwa ya mwanzo kupita njia hiyo. Red Hat Linux 9 ilipotoka mwaka 2003, faili zake za GB 1.77 ziligawanywa kwa torenti. Watafiti walisoma kumbukumbu za traka, yaani seva inayowakutanisha wenye faili na wanaolitafuta, kwa muda wa miezi mitano. Walihesabu wateja 180,000, na zaidi ya 50,000 kati yao walifika katika siku tano za kwanza. Hebu fikiria umati huo umeelekezwa wote kwenye seva moja. Leo aina nyingine za Linux kama Debian, Ubuntu na Arch, pamoja na Mint unayoitaka wewe, wanaweka torenti kwenye kurasa zao rasmi, kando ya kiungo cha kawaida.

Kwa hiyo mwambie mwenzako hivi: uhalali unategemea kinachobebwa. Filamu ina mwenyewe, na kuigawa bila ruhusa yake ni kosa kwa njia yoyote, iwe torenti, iwe flashi. Kiini cha Linux kimetolewa chini ya leseni ya GPL toleo la 2, inayomruhusu kila mtu kunakili na kugawa. Ukigawa ISO ya Mint, yaani lile faili moja kubwa lenye mfumo mzima, jinsi ilivyo, unafanya walichokuomba walioitengeneza. Wa rika langu watakumbuka CD za Ubuntu ambazo Canonical, kampuni inayoitengeneza, ilikuwa ikituma bure kwa posta mpaka mwaka 2011. Zangu zilinifikia kwenye sanduku la posta, nikamnakilia kila aliyekuja na CD tupu. Hakuna aliyedhani tunaiba, na jina lenyewe, ubuntu, ni ndugu wa neno letu utu.

Sasa tuje kwenye usalama.

Kabla ya kupakua ISO unapakua faili dogo la torenti. Ndani yake mna jina la faili kubwa, ukubwa wake, ukubwa wa kila kipande, na orodha ya hashi. Hashi ni namba ndefu inayopatikana kwa kukokotoa yaliyomo ndani ya kipande. Badilisha herufi moja tu, namba yote inageuka. Tuseme ISO ni ya GB 3 na imekatwa vipande vya KB 256. Hivyo ni vipande takriban 12,000. Kila kimoja kina hashi ya baiti 20, kwa hiyo orodha nzima ni kama KB 240, picha moja ya WhatsApp. Hiyo unaipata kwa sekunde chache hata mtandao ukiwa mbovu. Baada ya hapo, kila kipande kinachofika hukokotolewa upya na kulinganishwa na orodha. Kisipolingana kinatupwa, na programu inakiomba kwa mtu mwingine. Aliyekupa kipande, awe Brazili, Ujerumani au Mwanza, si lazima awe mwaminifu. Akikuletea uchafu, hasara yako ni KB 256 na nusu dakika.

Hapo utaona hofu imehama mahali. Wale watu usiowajua hawana tena nguvu ya kukudhuru kwa kipande. Aliye na nguvu ni yule aliyekupa orodha.

Hili si la kufikirika, na limeipata Mint hiyo hiyo unayoitaka. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, wakabadilisha viungo vya kupakulia toleo la 17.3 la Cinnamon (moja ya sura za Mint) vielekee kwenye seva iliyokuwa Bulgaria. Huko kulikuwa na ISO iliyofanana na halisi, isipokuwa ilikuwa na mlango wa nyuma uitwao Tsunami. Clement Lefebvre, kiongozi wa mradi, alitangaza habari hiyo, na katika tangazo lake alieleza kwamba waliopakua kwa torenti hawakuguswa.

Wapenzi wa torenti huishia hapo wakishangilia. Mimi naomba tuendelee kidogo. Waliopakua kwa torenti walipona kwa sababu orodha ya hashi waliyokuwa nayo haikuguswa. Lau wale wadukuzi wangeweka faili lao la torenti mahali pa lile halisi, programu ingekagua sumu kipande kwa kipande, kwa uaminifu mkubwa, na kukuletea nzima bila doa. Torenti inathibitisha kwamba ulichopokea ndicho kilichoandikwa kwenye orodha. Aliyeiandika orodha haimjui.

Kwa hiyo nguvu yako ya tahadhari iweke mlangoni. Faili la torenti lichukue linuxmint.com kwenyewe, ukiandika anwani kwa mkono wako. Usilichukue kwenye tovuti za kutafutia torenti za kila aina, wala usilipokee kwa rafiki kwenye WhatsApp, hata rafiki mwema. Programu ya kupakulia nayo ichukue kwa wenyewe. Ninazopendekeza ni qBittorrent na Transmission. Zote mbili ni programu huria, hazina matangazo, hazidai malipo. Virusi anavyovisema mwenzako mara nyingi hupitia hapo: mtu anatafuta programu ya torenti, anabonyeza tangazo la kwanza, anasakinisha kitu kilichobeba abiria.

ISO ikishakamilika, ikague tena kwa njia iliyo nje ya torenti. Mint huweka faili liitwalo sha256sum.txt na jingine la sahihi ya kidijitali, sha256sum.txt.gpg. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye ISO, uandike, kwa mfano:

certutil -hashfile linuxmint-22.2-cinnamon-64bit.iso SHA256

Linganisha namba itakayotoka na ile iliyo kwenye sha256sum.txt, yote, si herufi nne za mwanzo na nne za mwisho. Lakini kumbuka kisa cha 2016: anayeweza kubadilisha kiungo anaweza pia kubadilisha namba iliyoandikwa kando yake. Ndiyo maana ipo sahihi ya kidijitali (GPG ni programu ya kuitia na kuikagua), ambayo haitengenezwi bila ufunguo wa siri wa Mint. Ukiwa na mashine yoyote yenye Linux, au umeweka Gpg4win kwenye Windows, na umeshaingiza ufunguo wa wazi wa Mint, amri ni hii:

gpg --verify sha256sum.txt.gpg sha256sum.txt

Alama ya ufunguo (fingerprint) unayoiona ilinganishe na ile iliyo kwenye mwongozo wa usakinishaji wa Mint, na ikiwezekana ufungue mwongozo huo kwa simu na mtandao mwingine. Najua walimu wenzako watasema huu ni usumbufu. Unafanyika mara moja, kwa faili moja litakaloingia kwenye mashine 18 za watoto. Ufanye.

Kuna neno utalisikia, kwamba hashi ya torenti za kawaida, SHA-1, imevunjwa. Ni kweli kwamba Februari 2017 taasisi ya CWI ya Amsterdam na Google walionyesha faili mbili tofauti zenye SHA-1 moja. Lakini waliziandaa zote mbili tangu mwanzo. Kutengeneza kipande bandia kitakachooana na hashi ya kipande halisi cha mtu mwingine ni kazi ngumu zaidi kwa mbali, na haijaonyeshwa na yeyote. Toleo la pili la BitTorrent limehamia SHA-256, na ukaguzi niliokueleza hapo juu unatumia SHA-256 pia. Usipoteze usingizi kwa hilo.

Je, watu wataingia kwenye kompyuta yako? Programu ya torenti inatoa faili uliloliingiza humo, basi. Haifungui folda zako nyingine. Wanachokiona wengine kundini ni anwani yako ya IP na ni vipande gani ulivyo navyo. Kwa filamu ya wizi hilo lingekuwa la kukutia wasiwasi. Kwa Mint, ulimwengu umejua kwamba kuna mtu Tabora anapakua Linux. Sasisha programu yako iwe toleo la karibuni, maana kama programu nyingine yoyote inayozungumza na mtandao, inaweza kuwa na kasoro zinazozibwa kwa masasisho.

Sasa bando, na hapa nina habari ambayo nadhani itakufurahisha. Zile asilimia 80 ulizokwisha kulipia huenda hazijapotea.

Kivinjari hupakua faili kuanzia mwanzo kwenda mwisho, kwa hiyo nusu-faili lako lina vipande vya mwanzo vilivyo kamili. Tafuta kwenye folda ya vipakuliwa faili kubwa linaloishia na .crdownload, kama ni Chrome, au .part, kama ni Firefox. Kati ya majaribio yako matatu chagua lililo kubwa zaidi. Linakili kwenye folda mpya, kisha libadilishe jina liwe sawasawa na jina la ISO lililo ndani ya torenti, nukta kwa nukta. Ongeza torenti kwenye programu ikiwa imesimamishwa, uielekeze kwenye folda hiyo, uiamuru ikague upya data iliyopo. Itasoma faili, itakokotoa hashi za kila kipande, itakubali vilivyo sahihi, na mstari wa maendeleo utaruka mpaka karibu 80. Ndipo uianzishe. Badala ya GB 3 utalipia kama MB 600. Sharti ni moja: liwe toleo lile lile na ladha ile ile. Kipande cha Cinnamon hakikamilishwi kwa torenti ya Xfce, sura nyingine ya Mint, na 22.1 haikamilishwi kwa 22.2.

Na mtandao ukikatika katikati ya kazi, hakuna kitakachoharibika. Vipande vilivyokwisha kukaguliwa vinabaki. Zima mashine, nenda kafundishe, rudi kesho, iendelee. Kwa haki niseme kwamba hata upakuaji wa kawaida unaweza kuendelezwa kwa programu kama wget kama seva inakubali, ila ule hauangalii kama kilichoshuka kabla ya kukatika kilishuka sawa.

Jambo la kuangalia sana ni kupakia. Unavyopokea ndivyo unavyotoa, na mitandao ya simu huhesabu vyote viwili kwenye bando. Mimi niliwahi kuacha torenti ya Debian wazi usiku kucha kwenye modemu, bila kuweka kikomo. ISO yenyewe ilikamilika mapema, lakini kulipokucha bando la mwezi lilikuwa limeisha kwa kuwapa wengine. Kwa hiyo weka kikomo cha kupakia kabla ya kuanza. KB 10 kwa sekunde zinatosha. Kwa saa nane hiyo ni kama MB 288 kwa ukomo wake wa juu. Angalizo: kwenye qBittorrent ukiandika 0 kwenye kikomo maana yake ni bila kikomo, kinyume kabisa na ulichotaka. Usihofu kwamba utoaji mdogo utakunyima kasi. Torenti za Linux zina wenye faili zima wengi, na hao hawadai kitu kutoka kwako. Nyingine zina hata seva za kawaida zilizoandikwa ndani ya torenti ili zizibe pengo.

Punguza pia idadi ya miunganisho iwe kama 60. Ruta ndogo na modemu za bei nafuu huelemewa na mamia ya miunganisho kwa wakati mmoja, zinaganda, na watu wanailaumu torenti. Ukiona programu inakuambia kwamba poti yako, yaani mlango wa kupokelea miunganisho, imefungwa, iache. Kwenye modemu za simu wateja wengi huwekwa nyuma ya anwani moja, hivyo walio nje hawawezi kukuanza. Wewe unawaanza wao, na kazi inakwenda. Usihangaike kufungua mipangilio ya ruta kwa kufuata video.

Tuje kwenye maabara. Baadhi ya watu watakushauri uweke programu ya torenti kwenye mashine zote 18 zipeane ndani kwa ndani. Inawezekana: programu hizi zina njia ya kutafutana ndani ya mtandao mmoja, na kama kompyuta zimeunganishwa kwa swichi, ISO itatoka mashine moja kwenda nyingine bila kugusa bando. Lakini kwa kazi yako sioni sababu. Huhitaji ISO 18. Unahitaji flashi mbili au tatu zilizoandikwa kwa programu ya kuandikia ISO, uwashe kila mashine kwa flashi, usakinishe. Ukigawana na wanafunzi wawili watatu wenye mikono mizuri, mnamaliza siku moja. Kabla ya kuandika flashi, angalia RAM ya hizo mashine. Mint inadai angalau GB 2 na inapendekeza 4. Zikiwa za GB 2 au 4, chagua Xfce, ambayo ni nyepesi kuliko Cinnamon. Na kama nusu-faili ulilonalo ni la Cinnamon, jaribu kwanza Cinnamon kwenye mashine moja kutoka kwenye flashi, bila kusakinisha, kabla hujaamua kulipia GB 3 nyingine.

Mahali ambapo torenti itakufaa tena ni shule jirani. Wakikuomba, wapelekee ISO pamoja na lile faili dogo la torenti kwenye flashi. Flashi za mitaani zina tabia ya kuharibu mafaili makubwa kimya kimya. Wao wataongeza torenti, wataielekeza kwenye ISO uliyowapa, wataikagua. Kama vipande vitatu vimeharibika njiani, watashusha hivyo vitatu tu badala ya kuanza upya. Waambie nao wafanye ule ukaguzi wa SHA256 na sahihi wao wenyewe, hata kama wanakuamini. Hasa kama wanakuamini.

Swali lako la mwisho: hulazimiki kuacha mashine wazi. ISO ikikamilika unaweza kufunga programu saa ile ile, na hakuna atakayekudai. Kwenye bando la kupima, funga. Lakini ukipata siku moja mtandao usio na kikomo, shuleni, chuoni, kwa ndugu mwenye faiba, iache iendelee kutoa mpaka uwiano ufike 1, yaani umetoa kiasi kile ulichopokea. qBittorrent unaweza kuiambia isimame yenyewe ikifika hapo. Mahali fulani yuko mwalimu mwingine amefika asilimia 80, na kipande anachokisubiri huenda kiko kwako.